Hakuna Kinachobadilika

Habari ya kifo cha Mzee Ilunga ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Randburg, hapa Johannesburg, nasubiri maji yachemke. Aliyeituma, kwa ujumbe wa sauti, ni binti yake mkubwa, Clarisse, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa bado anavaa sare za shule. Alisema, kwa sauti ya mtu anayejikaza, kwamba baba yake amefariki Lubumbashi, figo zilimshinda, na kwamba familia inaomba waliofanya naye kazi waandike maneno machache ya kusomwa kanisani. "Alikuwa anakutaja sana, tantine," alisema, akiniita shangazi kwa Kifaransa. " Alisema kazini hakuna aliyemjua kama wewe." Niliandika nusu ukurasa siku ileile. Niliandika kwamba alikuwa mwalimu wangu, kwamba hakuwahi kunipandishia sauti, kwamba alinifundisha kusoma msimbo wa kompyuta polepole kama mtu anayesoma barua ya mgonjwa. Yote yalikuwa kweli, na Clarisse alinishukuru. Lakini tangu nilipoutuma ule ukurasa sijatulia. Jambo ambalo hasa namheshimia Mzee Ilunga halimo, kwa sababu siwezi kulieleza bila kueleza kwanza alipokosea, na nilipokosea mimi. Maneno ya namna hiyo hayasomwi mbele ya jeneza. Nayaandika hapa.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na sita, na ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Johannesburg. Nilipanga chumba mtaa wa Bellevue, katika nyumba ya zamani ya matofali mekundu ambayo ilikuwa imegawanywa kwa mbao nyembamba mpaka sebule ikawa vyumba vitatu. Changu kilikuwa na nusu dirisha. Nusu ya pili ilikuwa upande wa pili wa ubao, kwa Mama Odette, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye ndiye aliyekodi nyumba nzima na kutupangisha sisi wengine. Dirisha lenyewe lilikuwa moja, la kusukuma juu, kwa hiyo mmoja wetu alipotaka hewa ilibidi agonge ubao na kumwomba mwenzake ruhusa. Asubuhi niliamshwa na cherehani yake, jioni nililala na harufu ya pasi yake. Jumapili alipikia nyumba nzima: sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese, samaki wadogo wakavu kutoka duka la Wakongo, na sima nzito ambayo yeye aliita bugali, mimi nikaita ugali, na mfuko wenyewe wa unga uliandikwa pap. "Ita vile unataka," aliniambia Jumapili yangu ya kwanza, "lakini nawa mikono."

Aliyenielekeza kwenye nyumba ile alikuwa Mzee Ilunga mwenyewe, siku yangu ya kwanza kazini. Tulifanya kazi katika kampuni ndogo ya watu wanane, ghorofa ya pili juu ya duka la vigae hapa Randburg, tukitengeneza kadi za mtandao: vile vibao vinavyochomekwa ndani ya kompyuta ili ziweze kupelekeana habari. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa programu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, mnene kidogo, anavaa sweta miezi yote, na alizungumza Kiswahili cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa kiasi kwamba wiki ya kwanza nilikuwa naitikia tu. Aliponiuliza ninakaa wapi nikamwambia bado nalala kwa watu, aliniandikia anwani kwenye karatasi. "Ni mama mmoja wa Bukavu. Mtu wa heshima sana," alisema. Kisha, nikiwa nimeshainuka, akaongeza: "Usimwambie kama ni mimi nimekutuma." Sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya Wakongo wao kwa wao.

Nilielewa miezi miwili baadaye, baridi ilipoanza. Hita yangu ya umeme ilikufa, na Mama Odette akamwita mdogo wake, Safari, aje aitazame. Safari alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mkimya, mlinzi wa maegesho ya magari katika jengo moja la maduka. Nilikuwa nimemwona tu akitoka na kuingia na koti lake la rangi ya chungwa. Alitandika taulo sakafuni, akaifungua hita, na kila skrubu aliyoitoa akaiweka kwenye taulo mahali palepale ilipotoka, mpaka taulo likawa kama ramani ya hita yenyewe. Kabla ya kugusa waya alishika kwanza bomba la chuma la ukutani, ili umeme wa mwilini umtoke. Mlinzi wa magari hafanyi hivyo. "Umesomea wapi ufundi, kaka Safari?" nilimuuliza. Hakuinua kichwa. "Pale unafanyia kazi, dada. Nilikaa miaka minne." Akafunga hita, akaiwasha, akakunja taulo, akaniaga.

Mama Odette ndiye aliyenimalizia habari, akiwa na pini midomoni. Safari alikuwa fundi wa kampuni yetu, ndiye aliyekwenda kwa wateja kuchomeka kadi na kuziwasha. Miezi sita kabla sijaja, kliniki moja ya kusini mwa jiji ilipata msiba wa ajabu. Kompyuta zake zilizokuwa na kadi zetu zilianza kuharibu mafaili. Jina la mgonjwa mmoja lilikutwa na dawa za mwingine, picha za vifua zikawa takataka, na mwisho rekodi za miezi kadhaa hazikufunguka kabisa. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa manesi waligundua mapema na kurudi kwenye karatasi, lakini kulikuwa na mama aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu kwa muda mrefu na historia yake yote ikapotea. Kampuni iliitisha kikao. Mzee Ilunga alisema programu ni nzima. Basi lililobaki ni mikono ya fundi: ikaamuliwa kwamba Safari alichomeka kadi bila kujitoa umeme mwilini, akazijeruhi. Akafukuzwa, na kila alikoomba kazi walipiga simu kwetu kuuliza sababu. "Papa Ilunga tulikuwa tunasali naye kanisa moja," Mama Odette alisema, akatoa pini ya mwisho mdomoni. "Sasa yeye anasali ingine."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Nilimwamini Safari kuhusu mikono yake, nilikuwa nimeiona. Lakini nilimwamini pia Mzee Ilunga, ambaye kila siku alinionyesha kosa langu kwa upole kana kwamba ni lake. Nikafanya wanachofanya vijana wengi walio ugenini: nikaamua hayanihusu.

Mwezi wa Agosti mwenye kampuni, Bi Thandeka, alitaka draiva yetu, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi, iingizwe katika mfumo mmoja wa wazi ambao watu wa dunia nzima wanausoma na kuurekebisha. Ikikubaliwa, kadi zetu zingefanya kazi popote bila kusumbua mteja. Lakini watunzaji wa mfumo ule, ambao tulikuwa tumeshawatumia draiva kama ilivyo, hawapokei msimbo mchafu. Mzee Ilunga alinigawia mwanzo wa draiva, mahali kadi inapotayarishiwa njia ya kuifikia memori, yaani kumbukumbu ya kompyuta. "Anza hapa," alisema. "Pamejaa takataka, na ni mimi nilizitupa. Rahisisha."

Nitaeleza kwa kifupi, kwa sababu kisa chote kimesimama juu ya jambo hili. Kadi ya mtandao haisubiri kompyuta iipokelee kila kitu mkononi. Inaruhusiwa kuandika yenyewe moja kwa moja ndani ya memori, na kila sehemu ya memori ina anwani yake, kama nyumba za mtaani. Kabla ya kazi kuanza, draiva lazima iuambie mfumo: kadi hii inaweza kushika anwani ndefu, au inashika fupi tu. Kadi zetu mpya zilishika ndefu. Za zamani zilishika fupi. Mzee Ilunga alikuwa ameandika hivi: omba anwani ndefu, ukikataliwa, omba fupi, ukikataliwa tena, acha kazi. Mistari arobaini, yenye kila aina ya tahadhari, na ukiisoma haraka unasema huyu ni mtu mwangalifu.

Nilipoanza kuipunguza nilitaka kujua ni lini hasa ombi la kwanza linakataliwa, ili nisiharibu kitu. Niliweka ujumbe uchapwe kila njia ya pili, ile ya kuomba fupi, inapotumika, nikaijaribu draiva katika kila kompyuta iliyokuwa kwenye rafu. Ujumbe haukuchapwa hata mara moja. Nikasoma msimbo wa mfumo wenyewe siku mbili, na hapo nikaelewa. Mfumo hauijui kadi yako. Unachukua neno la draiva. Ukiomba anwani ndefu unapewa, basi. Na katika zile hali chache sana ambazo utakataliwa, hata ombi la anwani fupi litakataliwa. Njia ya pili ilikuwa haijawahi kupitwa na isingepitwa kamwe. Nilifurahi, naona aibu kusema. Nilifikiri nitafuta mistari thelathini na kusifiwa. Nilikuwa nasafisha kikombe changu cha chai swali liliponiingia: kama njia ya pili haikuwahi kutumika, zile kadi za zamani zisizoweza kushika anwani ndefu zilikuwa zinaambiwa nini?

Nilichukua kadi moja ya zamani kabatini, nikaichomeka katika kompyuta yenye memori nyingi, nikaiacha ipokee mafaili. Asubuhi nzima ilikwenda vizuri. Baada ya chakula cha mchana mafaili yakaanza kuharibika. Kadi ilikuwa inapewa anwani ndefu kuliko inavyoweza kushika, inadondosha tarakimu za mbele, inaandika kwenye anwani iliyobaki. Kama mtu aliyetumwa nyumba namba elfu moja na ishirini akagonga nyumba namba ishirini, akaingia, akaacha mzigo juu ya kitanda cha watu wengine. Katika kompyuta yenye memori ndogo haikuwa na madhara, maana nyumba zote zilikuwa na namba fupi. Nilitazama majina niliyoyaandika mwenyewe kwa majaribio yakichanganyikana kwenye kioo cha kompyuta, na nilichokifikiria ni taulo la Safari sakafuni.

Mzee Ilunga alikuwa anakula mkate na parachichi mezani kwake. "Mzee," nilisema, "ile njia ya pili haijawahi kufanya kazi."

"Haijahitajika tu, mwanangu."

"Hapana. Hata ilipohitajika."

Aliacha kutafuna. Nikamwonyesha. Alivuta kiti, akarudia jaribio langu mwenyewe kutoka mwanzo, akabadilisha kompyuta, akabadilisha kadi, akarudia tena. Wengine waliondoka mmoja mmoja na kutuaga, sharp, sharp, tutaonana kesho, naye hakuitikia. Alipomaliza alivua miwani akaiweka juu ya meza, macho yake yakiwa madogo na mekundu. "Iko wazi," alisema. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa silitegemei. "Andika kama ni kurahisisha. Kadi mpya ziombe ndefu, za zamani ziombe fupi, basi. Na chini uandike: hakuna kinachobadilika katika utendaji."

"Lakini kinabadilika, Mzee. Ndiyo kwanza kadi za zamani zitafanya kazi sawasawa."

"Ninajua kinachobadilika." Alisema bila kupandisha sauti. "Rehema, kibali changu cha kukaa nchi hii kimeandikwa jina la kampuni hii. Watoto wanne wako shule. Na chako kimeandikwa jina la nani?"

Nimejiuliza mara nyingi kama angenilazimisha iwapo ningekataa, na siamini. Hakunilazimisha. Nilikaa nikaandika. Kila badiliko linalotumwa kwa watunzaji wa mfumo linaambatana na maelezo, na maelezo hayo yanabaki kwenye historia ya mfumo, wazi kwa yeyote. Niliandika kwamba nimeondoa msimbo usiotumika ili usomeke kirahisi, na chini yake nikaandika ule mstari: hakuna kinachobadilika katika utendaji. Nikatia jina langu kamili. Mkono haukutetemeka. Huo ndio uwe ukweli wangu, kwa kuwa watu wakisimulia makosa yao hupenda kusema mkono ulitetemeka.

Siku tatu zilizofuata niliishi ndani ya nyumba ile kama mwizi. Safari alirekebisha bawaba ya mlango wangu bila kuombwa. Jumapili Mama Odette alinipakulia, akaona sili, akanishika paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Unaumwa?" Nikasema tumbo. Alinichemshia tangawizi. Mchana ule, nikiwa nimejilaza, niliwasikia kupitia ubao, yeye na mdogo wake. Safari alikuwa amekwenda kuomba kazi ya ufundi mahali fulani Sandton.

"Waliniuliza tu mambo ya kliniki, dada Odette. Mi nasema kadi niliweka muzuri. Banacheka."

"Utaomba kwingine."

"Siombi tena. Mtu anasema kitu mara mingi mpaka yeye mwenyewe anaanza kujiuliza. Siku zingine naona labda ni kweli. Labda siku ile nilisahau kushika chuma."

Cherehani haikulia. Niligeukia ukuta wa upande mwingine. Mpaka leo, nikisikia mtu akisema ukweli mdogo uliofichwa haumdhuru mtu, namkumbuka mwanamume mzima akiitilia shaka mikono yake mwenyewe, mbele ya dada yake, nyuma ya ubao usiozidi unene wa kidole.

Jumatatu jibu lilikuja. Mmoja wa watunzaji, mtu nisiyemjua, wa nchi ya mbali, alikuwa amesoma mistari yangu yote. Aliandika kwa adabu. Alisema kazi ni nzuri, lakini haelewi jambo moja: anaona zamani kadi ya toleo la kwanza ilipewa anwani ndefu, na sasa itapewa fupi, hilo ni badiliko kubwa, nami nasema hakuna. Je, kulikuwa na kosa? Kama lilikuwepo, liseme, ili wenye kadi hizo wajue. Niliisoma barua hiyo mara nyingi. Alikuwa hajui kliniki, hajui Safari, hajui kibali cha mtu yeyote. Alitaka tu maelezo yafanane na msimbo.

Ili nimjibu nilihitaji kujua kadi za zamani zilifungwa wapi. Nilikwenda kwenye jalada la mafundi, zile fomu zinazojazwa kila kazi ikiisha, nikatafuta za kliniki. Ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa Safari, herufi kubwa, kwa Kiingereza cha kujifunza ukubwani. Alikuwa ameandika kwamba kompyuta zinazoharibu mafaili ni zile tu zilizoongezewa memori, nyingine zenye kadi zilezile hazina tatizo, na kwamba anaomba mtu wa draiva aangalie. Tarehe yake ilikuwa wiki mbili kabla ya kikao. Chini, penye nafasi ya aliyepokea, palikuwa na herufi za kwanza za jina la Mzee Ilunga, kwa kalamu yake ya kijani.

Niliiweka ile fomu mezani kwake pamoja na barua ya mtunzaji. Alisoma barua. Akasoma fomu. Akainuka akatoka nje, nikamwona kupitia dirisha akisimama kwenye maegesho, mikono ndani ya sweta, akitazama magari kama mtu aliyesahau lake liko wapi. Aliporudi alisema, "Njoo," tukaingia kwa Bi Thandeka.

Alieleza kila kitu akiwa amesimama. Hakusema "tulikosea" wala "ilitokea." Alisema, "Kosa ni la programu, programu ni yangu, na fundi aliniandikia kabla ya kikao." Bi Thandeka alimsikiliza mpaka mwisho. "Eish, Ilunga," alisema. Akafunika uso kwa viganja. Halafu akauliza, "Unajua kliniki watafanya nini nikiwaambia?" Mzee akasema anajua. "Na bado unataka niwaambie." Akasema ndiyo, na pia waambiwe wengine wote wenye kadi za zamani, na Safari aandikiwe barua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilitaka kusema kwamba na mimi nimeandika uongo wenye jina langu. Nilisema, kwa sauti ndogo. Bi Thandeka alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anagundua niko chumbani.

Tuliandika maelezo upya siku ileile, mimi na Mzee, tukikaa kiti kwa kiti. Mara hii hatukuliita badiliko lile kurahisisha. Tuliliita kosa, tukaeleza linavyoharibu mafaili, na katika kompyuta zipi. Kuna desturi ya kumtaja aliyeripoti kosa kwa jina lake lote, kwenye mstari wake peke yake. Mzee Ilunga aliuandika mstari ule mwenyewe, akaniuliza kama jina la baba yake Safari lina herufi mbili za "m" au moja. Sikujua. Ilibidi nimpigie Mama Odette.

Jumapili iliyofuata Mzee Ilunga alikuja Bellevue baada ya ibada. Mama Odette alimfungulia mlango, akamtazama, akampisha. Alimkalisha kwenye kiti cha wateja, chini ya nguo zilizoning'inia, akaenda jikoni bila kumsalimia. Safari alikuwa ameshavaa koti la kazi. Mzee alieleza, kwa Kiswahili chao, bila Kifaransa hata kidogo. Alipomaliza, Safari aliuliza swali moja.

"Ile karatasi yangu, Papa Ilunga. Uliisoma?"

Ingekuwa rahisi kusema aliisoma bila kuielewa. Angeaminika. "Niliitia sahihi," alisema Mzee. "Kusoma, sikuisoma."

Safari alifunga zipu ya koti lake mpaka shingoni. "Minashukuru kwa kuja," alisema, akatoka kwenda kazini. Nilimsikia akishuka ngazi za veranda taratibu. Mama Odette alileta sahani, bugali na sombe, akaiweka mbele ya mgeni na maji ya kunawa. "Kula," alimwambia, na uso wake haukuwa laini. Mzee Ilunga alikula. Machozi yalikuwa yakimdondoka na aliendelea kula, kwa kuwa kukataa chakula kile kungekuwa kosa jingine.

Haya ndiyo yaliyotokea baada ya hapo. Kliniki ilivunja mkataba na kampuni ikayumba. Safari alipewa barua ya kumsafisha na kuombwa arudi kazini. Alikaa na ile barua majuma matatu bila kujibu, kisha akarudi, lakini kwa masharti yake: fomu za mafundi zisomwe kwa sauti kila Ijumaa, mbele ya wote. Mkataba wa Mzee Ilunga ulipokwisha mwezi wa Novemba haukuongezwa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani, wala yeye hakuuliza. Akaanza kuuza vitu vya nyumbani ili arudi Lubumbashi na familia. Mimi nilibaki. Lile badiliko lenye jina langu lilinifungulia milango Sandton baadaye, na watu walionihoji waliusifu uaminifu wa maelezo yake. Sikuwaambia kuhusu maelezo ya kwanza. Nimefanya kazi miaka mingi juu ya msingi ambao mtu mwingine aliulipia.

Kabla Mzee hajaondoka, kliniki ilikubali jambo moja: tuje tuwatolee zile kadi za zamani na kuwawekea mpya. Ilikuwa Jumamosi. Safari ndiye aliyeongoza kazi, mimi nilikwenda kuangalia programu, na tulipofika mlangoni tukamkuta Mzee Ilunga amesimama na sweta lake. Hakuwa tena mfanyakazi wetu. Hakuna aliyemwita. Safari alimtazama kidogo, akampa mfuko wa vifaa aubebe.

Nesi wa mapokezi alimtambua Safari mara moja, na uso wake ukafunga. "Ni wewe tena," alisema kwa Kizulu. Nyuma yetu wagonjwa walikuwa kwenye mabenchi, wanawake wengi, watoto mgongoni, mzee mmoja na fimbo. Safari alifungua mdomo, nami nikajua atasema anachosema mtu aliyechoka kujitetea, kwamba atafanya haraka. Mzee Ilunga akaweka mfuko chini. Alisema kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la mwisho, kwamba huyu fundi hakukosea kitu, kwamba ndiye aliyeligundua kosa, na kwamba aliyeharibu mafaili yenu ni mimi, jina langu ni Ilunga, niliandika vibaya na nilipoonyeshwa sikutazama. Akasema samahani kwa Kizulu, neno alilokuwa amejifunza njiani, na alilitamka vibaya.

Nesi hakumsamehe. Alisema, "Kuna mama tulimwanzishia dawa upya kwa sababu yako. Miezi sita upya." Mzee aliitikia kwa kichwa. Akabaki pale, mikono imening'inia, akiwa hana pa kwenda, mpaka Safari aliyekuwa ameshapiga magoti chini ya meza na kufungua kompyuta ya kwanza akamwita bila kugeuka.

"Papa Ilunga. Njoo unishikie taa."